Buibui na mbawakawa wa Ukambani: Jinsi kiumbe asiye na jina anavyopewa jina

MKULIMA wa Makueni anapofungua gunia la mahindi na kukuta vumbi mahali pa punje, swali lake la kwanza huwa ni moja: huyu ni mdudu gani? Jibu la swali hilo ndilo huamua dawa ya kutumia, namna ya kusafisha ghala, na hata kama inawezekana kumtafuta adui wa asili wa mdudu huyo huko alikotoka.

Kulitoa jibu hilo ni kazi ya wataalamu wa uainishaji wa viumbe. Wao huwatambua wale waliokwisha kujulikana, huwapa majina wale wasio nayo, na huwaorodhesha wote katika kumbukumbu ambazo mtu wa taifa lolote anaweza kuzisoma.

Orodha hiyo ni ndefu. Mbawakawa pekee waliokwisha kupewa majina duniani ni spishi zipatazo 400,000, takriban robo ya spishi zote za wanyama zinazojulikana kwa sayansi. Kwa upande wa buibui, spishi ya 50,000 iliingizwa katika katalogi ya dunia mwezi Aprili 2022.

Ifahamike kwamba viumbe hawa si wa jamii moja. Mbawakawa ni mdudu: ana miguu sita, mwili wenye sehemu tatu, na mbawa zake za mbele zimegeuka kuwa magamba magumu. Buibui si mdudu. Ana miguu minane na mwili wenye sehemu mbili, naye ni wa ukoo mmoja na nge na kupe.

Mgeni wa mwaka 1877

Ukambani si ngeni katika orodha hizo. Mwaka 1877 Mjerumani Johannes Maria Hildebrandt alifika Kitui akiwa na nia ya kuufikia Mlima Kenya. Mlima hakuufikia, lakini safari hiyo haikupotea bure, kwani alikusanya mimea, ndege, wadudu na buibui, na mizigo hiyo ikapelekwa Berlin.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1878 mtaalamu wa ndege Jean Cabanis alimtangaza kwezi mpya kutoka Ukambani na kumwita kwa jina la msafiri huyo. Mwaka huohuo Ferdinand Karsch alichapisha maelezo ya buibui ambao Hildebrandt aliwakusanya katika lile lililoitwa wakati huo "eneo la Zanzibar". Miongoni mwao yumo Stegodyphus hildebrandti, ambaye jina lake linatumika hadi leo. Hildebrandt mwenyewe alifariki Antananarivo, Madagaska, mwaka 1881.

Hata hivyo, vibandiko vya zama hizo vimewaachia wataalamu wa leo taabu kubwa. Kibandiko kilichoandikwa "Ukamba" peke yake hakimwambii msomaji kama kiumbe alitoka Kitui, Makueni au Machakos, wala kama aliokotwa kando ya Mto Athi au juu ya kilima chenye ukungu. "Eneo la Zanzibar" ni pana zaidi ya hapo. Anayetaka kumpata tena kiumbe huyo mahali alipotoka hana budi kufuatilia safari nzima ya mkusanyaji.

Hatua za kumpa kiumbe jina

Kazi huanza kwa kibali. Nchini Kenya, mtafiti hutakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na tangu mwaka 2006 zipo kanuni zinazosimamia upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na ugawaji wa manufaa yake. Mizigo kama ile ya Hildebrandt haiwezi tena kuondoka nchini bila idhini.

Ndipo hufuata ukusanyaji. Vikombe hufukiwa ardhini hadi mdomoni ili viumbe watambaao watumbukie. Matawi hupigwa juu ya kitambaa cheupe. Nyavu hupitishwa kwenye nyasi, na taa huwashwa usiku ili kuwavuta warukao. Mbawakawa hukaushwa na kuchomekwa pini. Buibui, kwa kuwa mwili wake ni laini na hunyauka, huhifadhiwa ndani ya alkoholi.

Hatua ya tatu hufanyika chini ya hadubini, nayo ndiyo ndefu kuliko zote. Rangi na ukubwa hudanganya. Kwa buibui, alama ya kuaminika ni umbo la viungo vya uzazi, ambavyo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Kwa sababu hiyo buibui mchanga, ambaye viungo hivyo havijakomaa, mara nyingi hawezi kutambuliwa kwa umbo lake. Siku hizi uchunguzi wa chembe za urithi husaidia, lakini haujaiondoa hadubini mezani.

Baada ya hapo mtaalamu hulazimika kuthibitisha kwamba hakuna aliyemtangulia. Humlinganisha kiumbe wake na vielelezo vya awali, vingi vikiwa katika makumbusho ya Berlin, London, Paris na Tervuren nchini Ubelgiji. Kwa mtafiti wa Nairobi, hatua hii ina maana ya safari ya mbali, au kuomba vielelezo viazimwe kwa njia ya posta, au kutegemea picha.

Mwisho ni kuchapisha. Jina halihesabiki mpaka litolewe katika chapisho lenye maelezo ya kiumbe na kutaja kielelezo kimoja, ambacho wataalamu hukiita holotaipu, kitakachotunzwa ili kiwe shahidi wa jina hilo. Tangu mwaka 2012 majina hukubaliwa pia katika majarida ya kielektroniki, mradi chapisho liwe limeandikishwa katika daftari la kimataifa la ZooBank.

Panapotokea majina mawili kwa kiumbe mmoja, lile lililotangulia ndilo hushinda. Hesabu ya kutangulia huanzia mwaka 1758, kilipotoka kitabu cha Msweden Carl Linnaeus. Buibui wana upendeleo wao: kitabu cha Carl Clerck cha mwaka 1757 kuhusu buibui wa Sweden kimekubaliwa kuwa halali ingawa kilimtangulia Linnaeus.

Jina linavyosomeka

Jina la kisayansi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo, na la pili ni la spishi yenyewe. Mwisho wa neno la pili huweza kumwambia msomaji mengi.

Mfano wa karibu uko Taita, jirani ya Makueni upande wa kusini-mashariki. Mwaka 2002 Mkenya Charles Warui na Mbelgiji Rudy Jocqué walitangaza buibui wawili wapya kutoka milima hiyo, Toxoniella taitensis na Toxoniella rogoae. Waliwaweka katika familia ambayo haikuwa imepata kurekodiwa Afrika Mashariki. Mwisho wa "-ensis" huonyesha mahali, na ule wa "-ae" huonyesha kwamba aliyeenziwa ni mwanamke. Katika hildebrandti, herufi "-i" huonyesha mwanamume.

Majina mengine hueleza tabia. Mwaka 2003 Wanda Wesołowska na Robert Jackson walimtaja buibui arukaye wa kando ya Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, maana yake mla mbu. Utafiti uliofanyika Mbita na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba buibui huyo humchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Bila jina la mwaka 2003, watafiti wa mahali pengine wasingekuwa na njia ya kujua kwamba wanamzungumzia buibui huyohuyo.

Jina na ghala la mkulima

Faida ya kumtambua kiumbe huonekana wazi kwa dumuzi, mbawakawa mdogo ambaye baadhi ya wakulima wa Kenya humwita Osama. Kisayansi ni Prostephanus truncatus (Horn). Mabano hayo hayakuwekwa kwa pambo. Yanaonyesha kwamba George Horn, Mmarekani aliyempa jina mwaka 1878, alimweka katika jenasi nyingine, na wengine wakamhamisha baadaye.

Kwao dumuzi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Aliingia Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akagunduliwa Taveta, Kenya. Kwa kuwa alikwisha kuwa na jina kwa zaidi ya miaka 100, wataalamu waliweza kufungua vitabu na kujua alikotoka, anachokula na anavyoishi.

Ujuzi huo ulibadilisha dawa. Fukusi wa kawaida wa mahindi hufa kwa dawa za kundi la organofosfeti, ilhali dumuzi huzistahimili zaidi. Dumuzi huzidiwa na dawa za kundi la pairethroidi, ambazo hazimwezi fukusi vizuri. Mkulima aliyewachanganya wadudu hawa wawili angeweza kunyunyiza dawa na bado akapoteza mahindi yake. Ndiyo sababu dawa iliyosambazwa kwa wakulima ilichanganya makundi yote mawili.

Vilevile, kujulikana kwa asili yake kuliwawezesha watafiti kwenda Amerika ya Kati kumtafuta adui wake. Walimpata mbawakawa mwingine, Teretrius nigrescens, ambaye huwala dumuzi na mabuu yao. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Hakummaliza dumuzi, ambaye huweza kuishi pia ndani ya miti mikavu porini mbali na maghala, lakini aliongeza silaha moja katika vita hivyo.

Makueni, ambako maembe ni zao la biashara, jina la mdudu huamua hata soko. Nchi zinunuazo matunda hutaja wadudu zinaowakataa kwa majina yao ya kisayansi. Fukusi wa kokwa ya embe, Sternochetus mangiferae, yumo katika orodha hizo. Jina lake la spishi lilitolewa na Johann Fabricius mwaka 1775.

Nzi wa matunda, ingawa si mbawakawa wala buibui, ametoa funzo jingine. Mwaka 2003 nzi mgeni aligunduliwa Kenya, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Mwaka 2015 wataalamu walikubaliana kwamba hakuwa mpya: alikuwa Bactrocera dorsalis wa Asia aliyefahamika tangu zamani. Jina jipya likafutwa, na utafiti wote uliofanywa chini ya majina mawili ukaunganishwa. Kufikia hapo, tangu mwaka 2014, Kenya ilikuwa imesimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021.

Kazi iliyobaki

Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni ni nyika kavu, lakini juu yake vimesimama vilima vyenye misitu: Nzaui, Makuli, Kilungu na Mbooni upande wa Makueni, Mutitu, Endau, Nuu na Mumoni upande wa Kitui. Kiumbe mdogo wa msitu wenye unyevu, asiyeweza kuvuka nyika, huishi juu ya kilima kama aliye kisiwani. Ilikuwa hivyo kwa buibui wa Taita. Msitu wa kilima ukikatwa, huenda kiumbe wa namna hiyo akatoweka kabla hajaandikwa popote.

Na uandishi wenyewe huchelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba spishi mpya hukaa kabatini kwa wastani wa miaka 21 tangu siku ilipokusanywa hadi siku inapopewa jina. Vielelezo vipo, watu wa kuvichunguza ndio haba.

Katalogi, kwa upande mwingine, zimekuwa rahisi kufikiwa. Ile ya buibui wa dunia, iliyowekwa katika intaneti mwaka 2000 na Norman Platnick wa makumbusho ya New York, ilihamia Bern, Uswisi, mwaka 2014, nayo husomwa bila malipo. Mwalimu wa Mutomo au mwanafunzi wa Wote anaweza kuifungua na kuona ni buibui gani waliorekodiwa Kenya.

Kwa anayekutana na kiumbe asiyemjua shambani au ghalani, mambo manne huufanya ugunduzi wake uwe na thamani: mahali hasa alipopatikana, tarehe, jina la aliyempata, na alikuwa juu ya nini, iwe ni gunzi la mahindi, mgunga au jiwe. Maneno hayo huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kawaida huyeyuka katika alkoholi, na karatasi huwekwa ndani ya chupa pamoja na kiumbe. Afisa wa kilimo wa eneo anaweza kuipokea chupa hiyo, na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi ndiko wanakotunzwa wale wa kulinganishwa naye.