Zana za kufaraguza katika ufundishaji wa fizikia

Zana za kufaraguza ni vitu vya kawaida, kama chupa tupu, mshumaa, uzi au betri ya tochi, ambavyo mwalimu huvigeuza vifaa vya kufundishia dhana za fizikia. Nchini Kenya, njia hii ilitiliwa mkazo rasmi na mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 katika wilaya 9 kwa ushirikiano na shirika la Japani, JICA. Mafunzo ya aina hiyo kwa walimu huendelezwa na kituo cha CEMASTEA, Karen, Nairobi.

Dhana moja inayofundishika hivyo ni kuelea. Mkomani, kata ya jimbo la Nyali, Mombasa, mada hiyo ina historia yake jirani: kuanzia 1931 Nyali iliungana na kisiwa cha Mombasa kwa daraja la kuelea, hadi daraja la zege lilipochukua nafasi yake mwaka 1980. Darasani hutosha yai na gilasi. Yai bichi huzama katika maji ya bomba. Mwanafunzi wa pwani akiulizwa kuhusu maji ya bahari, huenda akajibu upesi kwamba litaelea. Huzama pia! Maji ya bahari yana densiti ya takriban gramu 1.025 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali yai jipya hukaribia 1.08. Mpaka yaongezwe chumvi. Yai la siku nyingi huweza kuelea hata katika maji baridi, kwa kuwa limepoteza unyevu na nafasi yake ya hewa imepanuka. Kwa hiyo yai lijaribiwe kabla ya kipindi.

Chupa yenye matundu matatu, inayotumiwa kuonyesha kanieneo, ni ya hila zaidi. Michoro mingi huonyesha maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote. Chupa ikisimama juu ya meza, tundu la katikati ndilo hushinda: maji ya chini hutoka kwa kasi kubwa, lakini huigusa meza mapema. Mchoro huwa kweli chupa ikiinuliwa juu ya kitu kirefu kuliko kimo cha maji yaliyomo.

Mkondo wa umeme hufananishwa na maji ya bomba, mfano unaofaa kwa muda mfupi tu. Bomba likikatwa maji humwagika. Waya ukikatwa mkondo hukoma. Hapo ni afadhali kuhamia kwenye betri, balbu na swichi ya vipande vya bati.