Kazi ya shamba katika uchoraji

Kuinama na jembe, jambo la kila siku kwa wakulima wa Kinanie, Machakos, ni mada kuu ya uchoraji wa uhalisia. Mwaka 1857, Mfaransa Jean-François Millet alionyesha jijini Paris mchoro wa wanawake watatu fukara wakiokota masazo ya ngano, huku marundo ya mavuno yakionekana kwa mbali. Baadhi ya wakosoaji walichukia kuona maskini wakipewa hadhi iliyozoeleka kwa mashujaa.

Hapa Afrika Mashariki, Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame aliyesomea Makerere, alichora wanakijiji wa Kilimanjaro wakifanya kazi kwa pamoja, mfano wa mwethya wa Wakamba. Mtindo wake haukuwa wa uhalisia kamili. Hata hivyo, Millet alipoonyesha uchovu, Ntiro alionyesha ushirikiano. Wote wawili walimheshimu mkulima.