Kiambishi cha kigeni kinapopata uraia: kisa cha Kilatvia

Hebu jaribu hili. Mkomunisti unamjua, mfashisti umemsoma kwenye historia. Je, mkulimisti? Hakuna mtu kama huyo. Kiswahili kimepokea maneno yenye -isti, ila kiambishi chenyewe hatukibandiki kwenye mizizi yetu. Walatvia wamevuka hatua hiyo, tena si kwa siku moja.

Riga ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1201, na kwa karne nyingi wao ndio waliokuwa mabwana wa ardhi na biashara kubwa. Kwao Walatvia walipata neno skroderis, mshona nguo. Lilikuwa schroder la Kijerumani cha kaskazini, likaongezewa -is, kwa kuwa karibu kila nomino ya kiume huko huishia na s. (Hata Shakespeare wanamwita Šekspīrs, si utani!) Sasa, ndani ya skroderis kuna -er, kiambishi cha mtenda kazi. Lakini Mlatvia angekikatia wapi? Skrod- peke yake kwake ilikuwa sauti tupu.

Linganisha na futbols, yaani mpira wa miguu, na futbolists, mchezaji wake. Akiwa mwanamke ni futboliste. Maneno haya mawili yanaishi pamoja, kwa hiyo sikio linaona mshono. Ukisikia jozi nyingi za aina hiyo, unajikuta unajua -ists ni nini bila kufundishwa na mtu.

Halafu inakuja hatua ya mwisho. Neno lililotoka kwa Walivonia, majirani wa pwani, wanaisimu wa Latvia huliita lībisms. Mzizi līb- ni wa hapohapo. -Isms ilitoka mbali, Ugiriki, ikapitia Kilatini. Hapo kiambishi kimeshapewa chumba chake.

Katika karne ya 19 walijitokeza wasomi walioitwa Walatvia Vijana, waliopigania lugha yao isimezwe na Kijerumani. Leo mshona nguo kwa lugha sanifu ni drēbnieks, na skroderis linasikika la kizamani. Lakini -isms na -ists hazikufukuzwa. Nadhani ni kwa sababu zilikuwa za Ulaya nzima, hazikunuka ubwana wa mtu yeyote.

Hata hivyo skroderis hajafa. Mwaka 1902 ilitoka komedi inayopendwa mno huko, Skroderdienas Silmačos, yaani siku za washona nguo kule Silmači. Mwandishi wake ni Rūdolfs Blaumanis, na hiyo -manis ya jina lake la ukoo ni -mann ya Kijerumani.