Samadi Huanzia Mdomoni

Mwaka 1923, Cecile Steele wa Ocean View, jimbo la Delaware, Marekani, aliagiza vifaranga 50 wa kufuga kwa ajili ya mayai. Akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwajengea kibanda, akawalisha, na waliosalimika, 387, akawauza kwa nyama, senti 62 kwa ratili. Ilikuwa bei nono. Kufikia 1926 alikuwa na banda la kuku 10,000, na majirani nao walikuwa wamekamata nyundo na misumari.

Kabla ya hapo nyama ya kuku ilikuwa ziada ya biashara ya mayai: majogoo wasiohitajika na kuku wazee walioacha kutaga. Kufugia ndani wakati wa baridi kulikuwa kazi bure, kwa kuwa vifaranga wasioota jua walipinda miguu. Mwaka 1922, huko Baltimore, ng'ambo ya pili ya ghuba ya Chesapeake, Elmer McCollum na wenzake walibainisha vitamini D iliyomo kwenye mafuta ya samaki. Mafuta hayo yakaingia kwenye chakula cha kuku, na banda lililofungwa likawezekana. Sisi tunaochanganya chakula tunapenda kukumbusha kwamba hata banda lenyewe lilizaliwa kwenye ndoo ya chakula.

Rasi ya Delmarva, inayogawanywa na Delaware, Maryland na Virginia, ikajaa mabanda. Mahindi ya shambani pale hayakutosha, ikabidi mengine yaje kwa treni kutoka majimbo ya katikati ya nchi, pamoja na soya. Nyama ikaenda New York. Samadi ikabaki palepale, kwa kuwa ni nzito na bei yake hailipi nauli. Wakulima waliimwaga shambani kwa kipimo cha naitrojeni inayohitajiwa na mahindi. Ila samadi ya kuku, iliyochanganyika na maranda, ina fosforasi nyingi kuliko mahindi yanavyoweza kula kwa kipimo hicho. Kila msimu ziada ikaongezeka ardhini, mvua ikaisukuma mitoni, mwani ukastawi ghubani, na mwani unapooza hunyonya oksijeni ya samaki na kaa.

Kwa nini kuku anye fosforasi nyingi hivyo? Takriban theluthi mbili ya fosforasi ya mahindi na soya imefungwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti, na tumbo la kuku halina kimeng'enya cha kutosha cha kukifungua. Kwa hiyo mchanganyaji humwongezea DCP, ule unga mweupe wa madini wenye fosforasi, ili mifupa ikomae. Kuku anapata haja yake, na ile ya mahindi inapita ilivyo hadi kwenye maranda. Mfugaji ananunua fosforasi mara mbili, na moja kati ya hizo anaitupa.

Dawa ilijulikana mapema. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya kuwalisha vifaranga faitesi, kimeng'enya kinachofungua faiteti, kilichotolewa kwenye ukungu. Kilifanya kazi, lakini bei yake haikushikika, na DCP ilikuwa rahisi. Jambo likalala miaka 20. Lililoliamsha ni sheria. Uholanzi, nchi ndogo iliyofurika nguruwe na kuku, ilianza miaka ya 1980 kuwawekea wafugaji kikomo cha samadi kwa kipimo cha fosfati, na huko ndiko faitesi ya kiwandani ilikoingia sokoni mwaka 1991.

Maryland ilisubiri hadi kiangazi cha 1997, samaki wenye vidonda walipoelea kwa maelfu katika mto Pocomoke. Kidole kilinyooshewa kijidudu kiitwacho Pfiesteria, na wanasayansi wamebishana juu yake tangu hapo. Wanasiasa hawakungoja ubishi uishe. Sheria ya 1998 iliagiza kila mkulima awe na mpango wa mbolea, na chakula cha kuku kiwe na faitesi kufikia mwisho wa mwaka 2000.

Mabandani nako mambo yalibadilika. Huko Arkansas, katika miaka ya 1990, Philip Moore alipima shabu, hii hii inayotumika kutuliza maji ya tope, kwa kuinyunyiza kwenye maranda. Amonia ilipungua, na fosforasi ikashikwa isiyeyuke kirahisi. Kuku mwenyewe alikuwa amebadilika zaidi: mwaka 1925 alihitaji siku 112 kufika sokoni, na karibu kilo tano za chakula kwa kila kilo ya uzito, na leo anamaliza ndani ya wiki saba kwa kilo zisizofika mbili. Chakula kikipungua, kinyesi nacho hupungua.

Hata hivyo ardhi ya Delmarva haikusafika. Fosforasi iliyomwagwa kwa miongo kadhaa bado imo mchangani, na mwaka 2015 Maryland ilibidi itunge kanuni nyingine ya kuzuia samadi kwenye mashamba yaliyoshiba. Faitesi huzuia deni jipya; la zamani hailipi.

Ninalisema hili kwa sababu hapa kwetu Kibaha wateja huniambia, "Fundi, DCP usibane, kuku wasije wakalegea miguu," huku wamebeba premiksi iliyoandikwa ubavuni kwamba ina faitesi. Ukitia faitesi na usipunguze DCP, umeongeza gharama na uchafu kwa pamoja. Faitesi inayofungua fosforasi asilimia 0.1 ya chakula inaondoa karibu kilo sita za DCP kwenye kila tani. Vivyo hivyo protini: ukiongeza lisini na methionini, unaweza kushusha soya, na kila asilimia moja ya protini unayoishusha hupunguza naitrojeni ya kinyesi kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Mfugaji, soma ubavu wa mfuko wa premiksi kabla hujapima DCP, na umuulize anayekuchanganyia amepunguza kilo ngapi. Kama hana jibu, tafuta mwingine.