Majaribio ya Sayansi Ukutani: Ndege, Pampu na Turubai

Siku hizi si ajabu kumkuta mtu amepamba sebule, zahanati au maktaba kwa picha ya jaribio la kisayansi la kale, iliyopigwa chapa juu ya turubai na kuwambwa kwenye fremu ya mbao. Wako wanaodhani kuwa mapambo ya namna hii yamezuka pamoja na mashine za leo. Sivyo. Desturi hiyo imepita umri wa miaka 250, na mojawapo ya picha zake mashuhuri yastahili kuchunguzwa na mwalimu, kwa kuwa wengi huitundika bila ya kuisoma.

Mchoraji wake ni Joseph Wright, Mwingereza wa mji wa Derby. Mwaka 1768 alionyesha huko London mchoro wa rangi za mafuta wenye kimo cha sentimeta 183 na upana wa sentimeta 244. Watu kumi wameizunguka meza usiku. Mhadhiri mwenye nywele ndefu na joho jekundu ameinua mkono hadi kwenye vali ya tufe la kioo, na ndani ya tufe mna kakatua mweupe, ndege wa jamii ya kasuku, amelegea bawa. Pampu imekwisha kuifyonza hewa. Mhadhiri akifungua vali, ndege atahuika, akikawia, atakufa. Binti mmoja amefunika uso, mwanamume mmoja anatazama saa yake, na vijana wawili wapendanao wanatazamana wao kwa wao kana kwamba ndege hayupo kabisa!

Yafaa tukumbuke kwamba pampu hiyo haikuwa jambo jipya wakati huo. Otto von Guericke, Mjerumani wa Magdeburg, aliibuni karibu na mwaka 1650. Robert Boyle, akisaidiwa na Robert Hooke, akaiendeleza huko Uingereza, na mwaka 1660 akachapisha matokeo ya majaribio yake, yakiwemo yale ya kuwatia ndege katika ombwe. Kufikia zama za Wright, jaribio lilikuwa limegeuka tamasha. Wahadhiri walizunguka mji kwa mji na vyombo vyao, wakitoza kiingilio. Mmoja wao, James Ferguson, aliona kuwa kumtesa kiumbe hai mbele ya watazamaji ni ukatili, akapendekeza kibofu kitumike badala yake: hewa ya nje ikipungua, kibofu huvimba, na somo likaeleweka bila ya kifo. Kwa maoni yangu, huyo alikuwa mwalimu kweli kweli.

Basi Wright alichora nini? Hakuchora kumbukumbu ya siku fulani. Katika rasimu yake ya awali ndege alikuwa wa kawaida tu. Kakatua aliingizwa baadaye. Naye kakatua alikuwa adimu na wa thamani kubwa Uingereza, kiasi kwamba hakuna mhadhiri ambaye angemhatarisha kwa ajili ya kiingilio. Weupe wake ulihitajika gizani, na uadimu wake ukaongeza uchungu wa mtazamaji.

Kilichoipeleka picha majumbani ni chapa. Mwaka 1769 Valentine Green aliichonga kwenye sahani ya shaba kwa mbinu ya mezotinto: sahani huparuzwa yote hata ikashika wino kila mahali na kutoa weusi mtupu, kisha fundi huzilainisha sehemu anazotaka ziwe na mwanga. Ni mbinu inayoanza na giza na kuelekea nuru, ikaafikiana mno na mchoro wa usiku. Mchoro wenyewe ulitolewa kwa National Gallery ya London mwaka 1863, na hadi leo umo humo.

Si kila picha ya aina hii husema kweli kwa kiwango kimoja. Ile ya Edward Jenner akimchanja mtoto mwaka 1796, iliyochorwa na Ernest Board, ni ya mwanzoni mwa karne ya 20. Mchoraji hakumwona Jenner kamwe. Jacques-Louis David, kwa upande wake, aliwachora Lavoisier na mkewe mwaka 1788, wote wakiwa hai, na mezani vimepangwa vyombo vya kemia. Hata hivyo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 na jumba la Metropolitan la New York ulionyesha kuwa vyombo hivyo viliongezwa baadaye, juu ya picha ya matajiri waliovaa kwa fahari, bibi akiwa na kofia kubwa yenye maua. Lavoisier alikuwa pia mkusanyaji kodi wa mfalme, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye gilotini mwaka 1794.

Tukirudi kwa ndege wetu, turubai za leo zina hila moja. Mafundi hukunja kingo za picha kuzunguka fremu, na kinachokunjwa hakionekani tena kwa mbele. Sasa, kwenye ukingo wa kulia wa mchoro wa Wright, karibu na dirisha lenye mwezi, yuko mvulana aliyeshika kamba ya tundu la ndege. Je, analiteremsha ili kakatua arejeshwe, au analipandisha kwa kuwa halina kazi tena? Mchoraji hakujibu. Anayeagiza chapa ya picha hii na adai turubai yenye ukingo mtupu wa kukunjwa, ili mvulana, kamba na tundu vibaki mbele.