Rilei ya basbaa: istilahi na vitenzi vyake katika Kiswahili cha umeme

rilei nm [i-/zi-] kifaa kinachopima mkondo au msongo wa umeme na kuiamuru breka ikate pale kinapobaini hitilafu.

basbaa nm [i-/zi-] fito au bomba la shaba au alumini ambalo njia zote za umeme zinazoingia kituoni na zinazotoka huungwa nalo.

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa rilei ya basbaa huanza kwa kuhofia nomino. Hofu hiyo si ya lazima. Nomino nyingi za fani hii zimekwisha kukaa vinywani mwa mafundi kwa matamshi ya Kiswahili: transfoma, breka, fyuzi, shoti, ati. Kinachostahili kuhofiwa ni vitenzi. Kitenzi katika mwongozo wa aina hii ni amri, na amri iliyotafsiriwa kinyume huweza kumfanya mtu aiguse njia iliyo hai huku akiamini kuwa imekufa. Makala haya yanakieleza kwanza kifaa chenyewe, kwa kuwa haiwezekani kuchagua kitenzi cha kazi usiyoielewa, kisha yanapendekeza vitenzi vya kukizungumzia.

Kituo cha kupoza umeme

Mfano wa karibu kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini ni kituo cha Makambako, mkoani Njombe. Njia ya msongo wa kilovolti 220 inayounganisha Iringa na Mbeya hupita hapo, na hapo ndipo inapoanzia njia nyingine ya kilovolti 220 iendayo Songea kupitia Madaba. Njia hiyo ya pili, yenye urefu wa takriban kilomita 250, ilikamilika mwaka 2018 kwa msaada wa Uswidi; kabla yake mji wa Songea ulitegemea jenereta za dizeli. Makambako pia msongo hushushwa hadi kilovolti 33 kwa ajili ya usambazaji. Njia zote za msongo mmoja zina mahali pamoja pa kukutania, na mahali hapo ndipo ilipo basbaa.

Kwa Kiswahili cha Tanzania kituo cha namna hii huitwa *kituo cha kupoza umeme*. Picha yake ni ya uji wa moto unaopozwa kabla ya kunywewa: msongo mkubwa uliosafiri mbali hushushwa hadi kiwango ambacho mtumiaji anaweza kukipokea. Ni jina zuri, nami silioni kuwa la kuonewa haya mbele ya majina ya kigeni. Tatizo ni tahajia. Magazeti mengi huandika *kupooza*, kwa o mbili. *Poza* hutokana na *poa*. *Pooza* hueleweka zaidi kwa mkono au mguu uliopoteza nguvu. Kituo kinachoupooza umeme, kwa usomaji huo, ni kituo kinachoulemaza, na wapo wateja watakaosema kuwa maelezo hayo yanafaa kabisa. Katika maandishi rasmi tuandike *kupoza*.

Angalizo moja: kituo kilicho ubavuni mwa mtambo wa kuzalisha umeme hupandisha msongo, hakiupozi. Kipo pia kituo ambacho hakipandishi wala kushusha, bali huziunga na kuzitenga njia tu. Kwa vituo hivyo *kituo cha umeme* kinatosha, au mfasiri ataje kazi yake waziwazi.

Basbaa, basi na baa

Neno hili lina asili ya kuchekesha kidogo. Chanzo chake ni Kilatini *omnibus*, maana yake "kwa ajili ya wote". Kiingereza kilikata kichwa cha neno kikabakiza mkia, na mkia huohuo ndio uliotupatia *basi* la abiria. Kwa hiyo basi liendalo Njombe na fito ya shaba iliyoko kituoni ni ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja hubeba wote wanaopanda. Udugu huo hauhalalishi tafsiri za mashine zinazotoa "ulinzi wa baa ya basi". *Baa* tayari lina kazi mbili katika lugha yetu, baa la njaa (li-/ya-) na baa ya vinywaji (i-/zi-), wala halihitaji ya tatu. Neno liandikwe limeungana: *basbaa*. Mtu aweza kushawishika kutumia *mhimili* au *upao*, lakini maneno hayo yanataja kitu kinachobeba uzito, na msomaji atalitafuta paa.

Rilei hujuaje?

Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff alieleza kanuni ambayo mhasibu yeyote wa ghala angeikubali: jumla ya mikondo inayoingia katika kiungo ni sawa na jumla ya inayotoka. Mwaka 1904, nchini Uingereza, Charles Merz na Bernard Price walisajili hataza ya mfumo wa ulinzi uliojengwa juu ya kanuni hiyo, na rilei za basbaa za leo bado zinaifuata. Kwenye kila njia iliyoungwa na basbaa hufungwa transfoma ya mkondo, ambayo huupunguza mkondo kwa uwiano maalumu na kuupeleka kwenye rilei. Rilei hujumlisha. Ikiwa ampea 400 zinaingia kwa njia moja, na 250 na 150 zinatoka kwa nyingine mbili, hesabu ni sifuri na rilei hutulia. Zikiingia ampea 4,000 na zisionekane zikitoka kokote, upo mlango ambao haukujengwa: shoti iko kwenye basbaa yenyewe. Hapo rilei huamuru breka za njia zote zilizoungwa na basbaa hiyo zikate kwa pamoja. Uamuzi huchukua muda usiozidi milisekunde 20 hivi, na breka yenyewe huhitaji nyingine 40 hadi 60.

Mfumo huu usiitwe *ulinzi tofauti*, maana Mswahili atasikia "ulinzi mwingine". Uitwe *ulinzi wa tofauti ya mikondo*. Neno *ulinzi* nalo linafaa kuliko *kinga*. Kinga huja kabla ya ugonjwa. Rilei haizuii shoti isitokee. Inafanana na mlinzi wa usiku: mwizi amekwisha kuingia, kilichobaki ni kuhakikisha haichukui nyumba nzima.

Ugumu uko hapa. Rilei hii inatakiwa kuwa na sifa mbili zinazovutana. Kwanza, shoti ikitokea ndani ya basbaa, isisite hata kidogo, kwa sababu nguvu yote ya gridi humiminika mahali pamoja na vyuma huyeyuka. Pili, shoti ikitokea nje, tuseme kilomita tano kutoka kituoni kwenye njia ya Songea, isijiingize. Hiyo ni kazi ya rilei ya njia hiyo. Ikijiingiza, njia zote zinazokutana hapo hukatwa kwa kosa la mmoja. Kiswahili cha kawaida huzieleza sifa zote mbili kwa kitenzi kimoja, *kuaminika*, na mwongozo unaosema "rilei iwe ya kuaminika" haujamwambia fundi lolote. Ninapendekeza *utii* kwa sifa ya kwanza na *utulivu* kwa ya pili. Rilei tiifu huitika inapoitwa. Rilei tulivu haiitiki mwito usio wake.

Utulivu ndio wenye hesabu ngumu, na sababu ni kwamba transfoma ya mkondo *hushiba*. Chuma chake kina kikomo cha sumaku kinachoweza kubeba. Kikishafikia kikomo hicho, transfoma huacha kutoa picha sahihi ya mkondo, na jumla iliyopaswa kuwa sifuri huonekana si sifuri. Tuchukue mfano wa darasani kwa rilei ya aina ya *ukinzani mkubwa*. Ampea 12,000 zinapita kwenda kwenye shoti iliyo nje. Transfoma zina uwiano wa 1,200 kwa 1, hivyo upande wa rilei mkondo ni ampea 10. Tuseme transfoma ya njia yenye shoti imeshiba kabisa, imebaki kuwa waya tu: ukinzani wake ni omu 4, na wa nyaya za kwenda na kurudi ni omu 1. Msongo utakaojitokeza kwenye rilei ni 10 mara 5, yaani volti 50. Basi rilei isiamke kabla ya volti 50. Ikiwa huamka kwa ampea 0.1, ukinzani wa mzunguko wake, pamoja na kizuizi kilichoongezwa, uwe omu 500. Transfoma nazo ziwe na msongo wa goti usiopungua maradufu ya huo, volti 100. *Goti* ni pale mchoro wa tabia ya chuma unapojikunja, na neno limekaa vizuri kiasi kwamba halihitaji mbadala.

Rilei za kidijitali hazitegemei kizuizi cha namna hiyo. Hulinganisha tofauti na jumla ya mikondo yote kwa asilimia, na kadiri mkondo unaopita unavyokuwa mkubwa ndivyo zinavyodai tofauti kubwa zaidi kabla ya kutenda. Kituo kikiwa na basbaa mbili, rilei lazima pia ijue kila njia imeungwa na ipi kwa wakati huo, habari inayoipata kutoka kwenye swichi za kutenganishia. Kabla ya kukabidhiwa kazi, mfumo hujaribiwa kwa *kudunga* mkondo. Transfoma moja iliyofungwa kinyume hujifichua hapo, kwani mikondo iliyopaswa kufutana hujumlishana.

Kutega na kufyatua

Mafundi husema *kuseti* na *kutripu*, nami sina ugomvi nao wakiwa kazini. Lakini Kiswahili kina familia nzima ya vitenzi inayofaa kuliko mikopo hiyo: vitenzi vya mtego. Mtego *hutegwa*, *hufyatuka*, *huteguliwa*. Watu tayari *hutegesha* saa iwaamshe. Vivyo hivyo rilei *hutegwa* kwenye kiwango fulani. Mkondo ukifikia kiwango hicho rilei *huamka*. Ikithibitisha hitilafu *huifyatua* breka. Na hitilafu ikiondoka *hurejea*. Kuamka si kufyatua. Rilei yaweza kuamka na kurejea bila breka yoyote kuguswa, na taarifa ya kituo inayochanganya mambo hayo mawili humpeleka mchunguzi kwenye mlango usio wake.

*Kuzuia* nacho kitumike kwa tahadhari. Mwongozo unaposema rilei imezuiwa, maana yake imefungwa mikono isitende. "Rilei imezuia" husomwa kana kwamba imefanya kazi yake vyema. Kiambishi kimoja kinatenganisha kituo kilicholindwa na kituo kisicho na ulinzi.

Kufungua na kufunga

Hapa pana hatari kubwa kuliko zote. Katika fizikia, mzunguko *ulio wazi* haupitishi umeme, na uliofungwa unapitisha. Miongozo ya kigeni huandika kwa mantiki hiyo, na mfasiri huandika "fungua breka" akimaanisha umeme ukatwe. Lakini Kiswahili cha nyumbani kimejengwa juu ya bomba na mlango. *Fungua maji*: maji yatoke. *Fungua redio*: iseme. *Funga redio*: inyamaze. Mtu aliyelelewa na lugha hiyo akiambiwa "fungua breka", ana kila sababu ya kuiruhusu ipitishe umeme.

Tuhamie Matembwe, katika Wilaya ya Njombe, tuone jambo hili linavyoweza kuwa zito. Eneo hilo lina mitambo midogo ya maji ya Matembwe na Ikondo, chini ya megawati moja kwa jumla, iliyoendelezwa na kampuni ya kijiji pamoja na shirika la Kiitalia la CEFA. Mitambo midogo kama hiyo kwa kawaida haiwekewi rilei ya tofauti ya mikondo kwenye basbaa. Hutosheka na rilei za mkondo uliozidi, zilizopangwa kwa muda ili iliyo karibu na hitilafu itangulie. Ila katika nyumba ya mtambo wa maji, mlango wa maji na breka huendeshwa na watu walewale, pengine mtu mmoja. "Fungua" ya maji huipa turbini nguvu. "Fungua" ya breka, kwa maana ya kifizikia, huiondolea jenereta mzigo. Jenereta iliyoondolewa mzigo ghafla huku maji bado yanakuja huzidi kasi, na ndiyo maana breka ikifyatuka maji nayo hupaswa kukatwa mara moja. Kutumia kitenzi kimoja kwa matendo mawili yanayopingana, ndani ya chumba kimoja, ni uzembe wa lugha ambao mhandisi hawezi kuurekebisha kwa rilei.

Pendekezo letu: *fungua* na *funga* viachiwe maji, milango na makabati. Breka *ikatwe* na *iunganishwe*. Katika darasa la fizikia, "mzunguko wazi" na "mzunguko uliofungwa" vibaki, kwa kuwa hapo vinaeleza hali, havitoi amri.

Mifano ya matumizi

*Rilei ya basbaa ilitegwa upya baada ya njia ya tatu kuongezwa kituoni.*

*Rilei iliamka saa 8:14 usiku, ikarejea; hakuna breka iliyofyatuka.*

*Kata breka, hakikisha njia imekufa kwa kuipima, weka ati, ndipo uguse.*

*Breka zote za basbaa ya kwanza zimefyatuka. Usiunganishe yoyote kabla basbaa haijakaguliwa.*