Sheikh Abdilahi Nassir na Hoja ya Mwambao

Sheikh Abdilahi Nassir alizaliwa Mombasa mwaka 1932, akasoma dini na skuli, kisha akawa mwalimu. Siasa ilimkuta angali kijana. Uhuru ulipokaribia, kutoka Vanga hadi Kipini watu waliulizana swali moja: Mwingereza akiondoka, pwani itakuwa ya nani?

Swali hilo lilitokana na mkataba. Tangu Desemba 1895 Uingereza iliutawala ukanda wa maili 10 kutoka baharini kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, ikimlipa kodi kila mwaka. Diani, Gazi, Msambweni na Vanga zimo humo. Kwa jina huko kulikuwa Himaya, si Koloni, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus. Mwaka ule ule Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, aliingia vitani na Waingereza. Mwaka 1896 akashindwa, akavuka kwenda upande wa Wajerumani.

Kizazi cha Sheikh Abdilahi hakikushika bunduki. Silaha yake ilikuwa karatasi ya mkataba. Yeye alikuwa katika chama cha Coast People's Party, kilichotaka mwambao ujitawale, na mwaka 1962 alikwenda London kama mjumbe wa chama hicho katika mazungumzo ya Lancaster House. Lakini mbele yake ulikuwa umeshatangulia uchunguzi wa Sir James Robertson kuhusu ukanda huo. Ripoti yake ya Desemba 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, wenyeji wapewe dhamana.

Udhaifu mkubwa wa hoja ya mwambao ulikuwa nyumbani, wala si London. Wadigo wa Kwale wengi wao ni Waislamu, na mtu angetarajia wasimame nyuma ya bendera ya Sultani. Lakini wengi walimfuata Ronald Ngala na chama chake cha KADU, kilichotaka majimbo. Kwa mkulima wa mnazi, “haki za Sultani” zilinukia haki za mwenye shamba, na ardhi ndiyo iliyokuwa ikimuuma.

Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana: Sultani aache madai yake, nayo Kenya ilinde uhuru wa ibada, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na hati za ardhi zilizokwisha kutolewa. Kipengele hicho cha mwisho kiliwafaa wenye hati. Asiyekuwa nayo alibaki alipokuwa.

Hoja ya kujitawala ilishindwa, na Sheikh akahamia kwenye vitabu. Alifanya kazi Oxford University Press, tawi la Afrika Mashariki, shirika lililotoa diwani ya Sauti ya Dhiki ya ndugu yake Abdilatif Abdalla mwaka 1973. Abdilatif alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wa Kenya: Twendapi?, na mashairi yake aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Baadaye Sheikh alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, akaiita Shungwaya. Jina halikuokotwa: Shungwaya ndiko Wadigo na Wamijikenda wenzao wanakosema wametoka.

Baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 alivutwa na mafundisho ya Kishia, na katika miaka ya 1980 akayatangaza hadharani. Waliomkubali katika siasa si wote waliomfuata huko. Alijibu kwa mihadhara na vitabu, kimojawapo Shia na Sahaba, kila pingamizi akiliwekea hoja.

Suala la mwambao nalo halikuzikwa. Kauli ya “Pwani si Kenya” ya kundi la Mombasa Republican Council (MRC) ilisikika sana Kwale, na Oktoba 2012 kiongozi wake alikamatwa Kombani.

Sheikh Abdilahi alifariki Januari 2022. Katika yaliyoafikiwa mwaka 1963, mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya 2010, Ibara ya 170, na ile ya Kwale ingali inasikiliza kesi za ndoa, talaka na mirathi.